Magadi ya Dani

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa alama ya ndara.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechuchumaa nje ya mlango wetu nikipepea jiko la makaa. Dani alivua ndara zake apate kuosha miguu. Ukanda wa ndara ulikuwa umeacha mfereji juu ya mguu wake, kama mfereji anaouacha mtu akipitisha kidole kwenye ugali wa moto. Nilingoja ngozi ijae, irudi mahali pake. Haikurudi. Dani akamwaga maji, akavaa ndara zake, na ukanda ukalala tena mle mle.

Dani ndiye bibi yetu, mama yake baba. Sisi Wajaluo humwita bibi hivyo. Mwaka huo wa 1995 tulikuwa tukiishi Kambi Muru, Kibera, katika chumba kimoja: Dani, mama, kaka yangu Obonyo, na mimi, Akeyo, niliyekuwa darasa la saba. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu Lavington. Alitoka kabla hatujaamka na kurudi giza likiingia, kwa hiyo aliyetupikia, kutukemea na kutuombea alikuwa Dani.

Asubuhi zetu zilifanana. Mimi nilichota maji kwenye bomba lililokuwa karibu na mlango wa Haboba Afrah, mwanamke wa Kinubi aliyekuwa mwenye ploti tuliyopanga; haboba kwa Kinubi ni bibi. Dani alichambua mboga za jioni. Obonyo, aliyekuwa kidato cha pili, alifunga viatu vyake huku akiimba masomo.

"Na, sodiamu! K, potasiamu! Fe, chuma! Pb, risasi!"

"Huyu mtoto amepagawa," Dani alisema.

"Ni kemia, Dani. Hizi ni alama za elementi."

"Kama ni sodiamu, mbona usiseme So? Mimi sijasoma, lakini hilo naliona."

"Niliandika So kwenye mtihani," Obonyo akanung'unika. "Nikapata sifuri. Sasa darasa zima linaniita So."

Haboba Afrah alicheka pale bombani mpaka ndoo yake ikafurika. "Mwache asome, Mama Oloo," alimwambia Dani. Oloo lilikuwa jina la baba yetu, na majirani wote walimwita Dani hivyo. "Kemia ikimshinda atakuja kuniuzia makaa."

"Haboba, na wewe pia!" Obonyo alisema, akakimbia shule.

Jambo moja tu lilikuwa jipya nyumbani kwetu. Mwezi uliotangulia, Dani alikuwa ameambiwa kliniki kwamba ana presha. Alipewa vidonge na kukatazwa chumvi. Dani hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu nusu. Siku ile ile aliuchukua mkebe wa chumvi, akavuka ua, akauweka mikononi mwa Haboba.

"Uchukue, Mama Nasir, nisije nikajaribiwa."

Tangu siku hiyo hapakuwa na chumvi chumbani mwetu. Mama na Obonyo walivumilia. Mimi pia nilivumilia. Lakini Dani alikuwa mpishi, na chakula kilichopooza kilimwumiza. Alikuwa na desturi ya kutia magadi kwenye mboga ya mrenda ili ulainike na kuteleza, na kwenye maharagwe ili yaive upesi. Sasa alitia zaidi. Alivunja kipande cheupe kwa jiwe, akaonja mchuzi, akavunja kingine.

"Angalau kina ladha kidogo," alisema.

Jumamosi moja nilimsindikiza tena kliniki. Ilikuwa kliniki ndogo ya kanisa kule Kawangware, karibu na alikokuwa akiishi kabla ya kuja kwetu. Tulitembea polepole kwa Barabara ya Ngong hadi Kona ya Dagoretti, tukapumzika kando ya mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi, kisha tukaendelea. Zamani Dani ndiye alikuwa akiniambia nikaze mwendo. Siku hiyo alisimama mara nyingi na kujifanya anaangalia nguo za mitumba.

Mimi nilikwenda ili nimtafsirie. Dani alisema Kiswahili cha sokoni vizuri, lakini cha wauguzi kilimchanganya.

Muuguzi aliitwa Sista Muia. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyesema haraka haraka, na foleni ilikuwa imejaa mpaka nje. Alimfunga Dani mkanda mkononi, akaujaza hewa, akasikiliza. Akarudia. Akakunja uso.

"Imepanda kuliko mwezi uliopita. Mama, vidonge unameza?"

"Nameza."

"Na chumvi?"

"Niliacha."

"Kabisa?"

"Hata punje."

Sista Muia aliinama akaubonyeza mguu wa Dani kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki.

"Tazama, mama. Mwili umeshika maji. Mwili haushiki maji hivi bila sababu. Ni sodiamu, na sodiamu haiji na upepo, unaila. Presha hii ikiendelea hivi, mshipa wa kichwani utapasuka. Mimi nina watu wengi hapa. Usinidanganye."

Nilianza kutafsiri. Nilipofika kwenye neno la mwisho nilinyamaza. Haikuwa lazima niliseme, kwa sababu Dani alikuwa amelielewa.

Na benchi zima lililisikia. "Wazee hawa!" mwanamume mmoja nyuma yetu alisema. "Mchana hawali chumvi, usiku wanaramba mkebe." Watu wakacheka.

Dani aliinuka, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akatoka. Vidonge aliviacha mezani. Mimi nilivichukua, nikamfuata mbio.

Tulipofika barabara kubwa ndipo aliponigeukia. "Nimekuwa mama wa kanisa tangu huyo msichana hajazaliwa," alisema. "Nimezika mume, nimezika mwana. Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwongo mbele ya watu. Pale sirudi."

"Na vidonge, Dani?"

"Ampe mtu anayemwamini."

Siku zilizofuata hakuvimeza. Mama alimsihi. Dani alimsikiliza kwa heshima, kisha akageukia ukuta. Mimi nilikuwa nikimfikiria Mzee Wesonga, jirani wa mlango wa tatu. Mzee huyo alikuwa fundi hodari wa kushona viatu kule Laini Saba. Asubuhi moja presha ilimwangusha, na tangu hapo mdomo wake umekwenda upande na mkono wake wa kulia haushiki sindano. Nilimwona kila siku ameketi juani, mke wake akimlisha uji.

Nilijua mambo mawili ambayo hayakupatana. Sista alisema Dani anakula sodiamu. Dani alisema hali chumvi, na mimi niliyekuwa nikila naye sahani moja nilijua kwamba ni kweli. Jioni moja nilimwuliza Obonyo.

"Sodiamu inapatikana wapi?"

"Kwenye chumvi."

"Na wapi tena?"

"Wapi tena wapi? Kitabuni wanasema ni metali laini, unaikata kwa kisu. Ukiitupa majini inawaka moto."

"Dani hajala metali."

"Basi mimi nitajuaje? Hata sijui kwa nini inaitwa Na. Sisi tunakariri tu." Kisha akanitazama, akaanza kutabasamu. "Muulize Mwalimu Shivachi. Jumamosi anatufundisha ziada pale Satellite. Lakini wewe, Akeyo! Wewe mtu akikukanyaga huwezi hata kumwambia atoe mguu."

Ilikuwa kweli. Darasani nilikuwa ninajua majibu mengi, lakini mwalimu akinitazama ulimi wangu ulikuwa mzito. Walimu wengine walidhani nimetoka shambani juzi, sijui Kiswahili.

Hata hivyo Jumamosi nilimfuata Obonyo. Njia nzima alinionya. "Ukinitia aibu, mimi sikujui."

Masomo ya ziada yalifanyiwa katika ukumbi wa mabati huko Riruta Satellite. Wavulana waliponiona walifurahi.

"Niaje, So! Leo umekuja na mlinzi?"

"Ni dadake, wacha. Anakuja kuhakikisha haandiki So tena."

Mwalimu Shivachi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye vumbi la chaki hadi kwenye viwiko. Aliniona nimejibanza mlangoni. "Binti, unamtafuta nani?"

Nilisema kitu nikiangalia sakafu.

"Sema tena. Ubao haujasikia."

Wavulana walicheka. Nilikumbuka benchi la kliniki lilivyocheka. Nikainua uso. "Mwalimu, kwa nini sodiamu inaitwa Na?"

Wavulana wakatazamana. Hapakuwa na mmoja wao aliyejua.

"Keti," Mwalimu Shivachi alisema, na akaiweka chaki chini, jambo ambalo Obonyo aliniambia baadaye hakuwa akilifanya mara nyingi. "Unaitwa nani?"

"Akeyo."

"Na kanisani?"

"Risper."

"Una bibi nyumbani? Majirani wanamwitaje?"

"Mama Oloo."

"Na wewe unamwitaje?"

"Dani."

"Na kwenye kitambulisho?"

"Aluoch."

"Basi ni wanawake wangapi hao?"

"Ni mmoja, Mwalimu."

"Ni mmoja. Kila jina amelipata kwa watu fulani, kwa sababu fulani. Elementi ni hivyo hivyo." Akageukia darasa. "Pale mnapochota maji, Mjaluo, Mnubi, Mkamba na Mluhya wakikutana kwenye foleni, wanazungumza nini?"

"Kiswahili!"

"Sasa, wasomi wa Ulaya walitoka nchi nyingi, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kwa mamia ya miaka, walipotaka kuelewana, waliandika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kilatini kilikuwa Kiswahili chao. Chuma Warumi walikiita ferrum, ndiyo Fe. Risasi waliiita plumbum, ndiyo Pb. Fedha, argentum, ndiyo Ag. Mwingereza naye alikuwa na majina ya kwao, na hakuyaacha. Lakini alama za kuandikia zilichukuliwa kwenye Kilatini, ili mtu wa nchi yoyote azisome."

"Kwa hiyo Warumi walijua sodiamu?" Obonyo aliuliza.

"Hapana. Hiyo hakuna aliyewahi kuiona ikiwa peke yake, maana haikai peke yake, hushikana na vitu vingine. Karibu miaka mia mbili iliyopita, Mwingereza mmoja aliitenga kwa nguvu za umeme. Aliitoa kwenye soda, basi akaiita sodium. Wenzake wa Ujerumani na Uswidi walipenda jina lenye sura ya Kilatini, natrium. Na aliyezipanga hizi alama alikuwa mtu wa Uswidi. Waingereza wakabaki na jina lao, alama ikabaki Na."

Nilisahau kwamba ninaona haya. "Na hilo natrium lilitoka wapi?"

"Lilitoka kwa natroni, chumvi nyeupe inayobaki ziwa likikauka huko Misri. Wamisri wa kale waliitumia kukaushia maiti wa wafalme wao. Hata sisi tunayo ya kwetu, inachotwa huko Bonde la Ufa. Mama zenu wanaitia kwenye maharagwe."

"Magadi!" darasa likasema.

"Magadi. Na K ni kalium, kutoka neno la Kiarabu la majivu ya mimea. Kwetu Vihiga, mama yangu huchuja maji kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, akapikia mrenda. Amepika na potasiamu maisha yake yote, na mimi nimeila, na nilikuwa mtu mzima nilipojua."

Wavulana walicheka, lakini mimi mawazo yangu yalikuwa nyumbani. Niliona mkono wa Dani ukivunja kipande, ukionja, ukivunja kingine.

"Mwalimu, chumvi ina sodiamu?"

"Ndiyo."

"Na magadi yana sodiamu ile ile?"

"Ile ile. Rafiki zake tu ndio tofauti."

"Mtu aliyekatazwa chumvi kwa sababu ya presha, akila magadi..."

Mwalimu Shivachi alinisogelea. Uso wake ulibadilika. "Ni nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni Dani."

"Mimi ni mwalimu wa kemia, mwanangu, si daktari. Nikijifanya daktari nitakupoteza. Lakini ningekuwa wewe, ningechukua kipande cha hayo magadi nikampelekea aliyempima. Leo hii."

Tulikimbia hadi Kambi Muru. Hata Obonyo alisahau kujifanya hanijui.

Dani alikuwa amekaa kwenye kigoda, chungu cha mrenda kikichemka mbele yake. Nilimweleza yote kwa Kijaluo, nikichanganya Warumi na Wamisri na Waingereza. Alinisikiliza huku akikoroga.

"Magadi si chumvi," alisema nilipomaliza. "Chumvi naijua. Niliulizwa chumvi, nikajibu chumvi."

"Ndiyo, Dani, lakini ndani yake..."

"Sasa na wewe unasema nilidanganya."

"Hapana!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mke wa Mzee Wesonga aligeuka kututazama. "Dani, ulisema kweli. Swali ndilo lililokuwa na kasoro. Sista alijua jina moja la kile kitu, na sisi tunakijua kwa jina lingine."

Mwiko ulisimama. Haboba Afrah alikuwa ameingia uani na birika lake, na kwa desturi ya ploti yetu hakujifanya kwamba hakusikia.

"Ni habari gani hii ya magadi?"

Obonyo alimwambia. Alipofika kwenye Misri na ziwa lililokauka, Haboba aliliweka birika chini.

"Mama yangu hakuyaita magadi. Aliyaita atrun. Wazee wetu walikuja na jina hilo kutoka Sudan walipoletwa huku kuwa askari. Hata bamia hakupika bila atrun." Alivuta kigoda akaketi kando ya Dani. "Mama Oloo, watoto hawa hawakutukani. Wanakwambia mtu uliyemfukuza kupitia mlangoni ameingia kwa dirisha."

"Magadi yanatoka ardhini," Dani alisema kwa ukaidi. "Mungu ndiye aliyeyaweka pale."

"Na chumvi aliiweka nani? Mimi?"

Dani alijaribu kujizuia, lakini mabega yake yakaanza kutikisika, na wote wawili wakacheka kama wasichana. Kisha Dani akaacha kucheka. Aliuweka mwiko chini.

"Nilikuwa nikiongeza," alisema. "Kila nilipokosa chumvi, niliongeza."

"Twende kliniki," Haboba alisema. "Mimi nitakuja. Na yule anayecheka kwenye benchi, leo acheke mbele yangu."

Dani hakukubali mara moja. Aliondoa chungu motoni. Aliosha mikono. Alibadilisha kitambaa. Nilijua amekubali alipouliza kama viatu vyake vya kanisani viko chini ya kitanda, ingawa miguu haikuingia na ilibidi arudie ndara.

Tulifika Kawangware kliniki ikikaribia kufungwa. Sista Muia alikuwa akikunja mikanda yake. Alipomwona Dani alishangaa kidogo, kisha akasema kwa uchovu, "Karibu, mama. Umeamua kuniambia?"

Dani alinisukuma mbele kwa kiganja. Haboba alinitazama. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusema. Nilifungua karatasi niliyoikunja, nikaweka kipande cheupe cha magadi juu ya meza.

"Sista, Dani hakudanganya," nilisema. "Chumvi aliitoa nyumbani siku ile ile uliyomkataza. Uliyoyaona mguuni ni haya. Ni magadi. Anatia kila siku, na baada ya kuacha chumvi alitia maradufu. Mwalimu anasema yana sodiamu."

Sista Muia alichukua kile kipande, akakigeuza geuza. Hakusema haraka haraka tena.

"Kwetu Ukambani pia tunatia kwenye pure, mahindi na maharagwe yetu," alisema hatimaye. "Mama yangu hutia. Nami sikuuliza." Alivuta kiti, akakaa ili uso wake ulingane na wa Dani. "Mama, nilikuita mwongo mbele ya watu. Nilikosea. Naomba unisamehe."

Nilimtafsiria Dani, ingawa alikuwa ameelewa. Nadhani alitaka kuyasikia mara mbili.

"Wewe ni mtoto, na ulikuwa umechoka," Dani alijibu. "Nimesamehe. Sasa niambie mboga nitapikaje."

Sista alicheka. Wakaongea mapishi: nyanya, kitunguu, ndimu, maziwa kidogo kwenye mboga za kienyeji, na maharagwe kulowekwa usiku kucha badala ya kuharakishwa. Haboba aliuliza kuhusu maji ya majivu, yale ya Waluhya.

"Hayo yana potasiamu," Sista alisema. "Lakini yeye anameza dawa, na figo zake hatujazipima. Asiyaguse mpaka daktari aseme. Na vidonge, mama, usiviache tena hata siku moja, hata ukinikasirikia."

"Nikikukasirikia nitavimeza nikiwa nimekasirika," Dani alisema.

Presha haikushuka kwa siku moja. Mrenda ulikuwa mgumu kidogo na Dani alilalamika kila jioni. Lakini tuliporudi mwezi uliofuata, Sista Muia alisikiliza, akarudia, kisha akaufungua mkanda na kutabasamu. Aliubonyeza mguu wa Dani kwa kidole gumba, na ngozi ikarudi mahali pake. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Sista alisimama akawageukia wote.

"Sikilizeni, mama zangu na baba zangu. Mwezi uliopita niliharakisha hapa na kumvunjia mtu heshima. Siku hizi siulizi tu kama mtu anakula chumvi, nauliza anatia nini chunguni, na kwa jina gani. Kitu hakibadiliki kwa sababu majina yake ni mengi. Magadi ni mojawapo. Mwenye presha ayaepuke. Na mtu akikwambia neno lisilopatana na unachokiona, usimwite mwongo. Uliza swali lingine. Msichana huyu aliuliza swali lingine, na ndiyo maana bibi yake amekuja hapa kwa miguu yake."

Watu walinitazama. Niliangalia sakafu, lakini si kwa muda mrefu.

Tulirudi nyumbani mchana, Dani akiwa mbele yetu. Kila aliyemjua njiani alimsimamisha. "Huyu mjukuu wangu anapenda sayansi kupita kiasi," aliwaambia. "Atakuwa mwalimu wa kemia."

"Dani, mimi ndiye ninayesoma kemia!" Obonyo alilalamika.

"Wewe unaiimba. Yeye anaiuliza." Kisha akanigeukia. "Kweli, Akeyo nyathina, mwanangu, ni nini kilichokufanya uipende hivyo? Wewe usiyesema na watu, ukaenda kusimama mbele ya darasa la wavulana?"

Nyumbani kwetu kulikuwa na neno tusilolitaja. Tangu baba alipoondoka, watu wazima walisema amelala, amepumzika, ametangulia, na sisi watoto tulijifunza kulizunguka neno hilo kama watu wanavyozunguka shimo njiani. Sikuwa nimewahi kulitamka kwa sauti, hata usiku, hata katika sala. Nilimshika Dani mkono.

"Sikuwa naipenda kemia, Dani," nilisema. "Niliogopa kwamba utakufa."